Maziwa, bibi na ndege wa asali: niliyojifunza kwa watafiti wa mageuko ya binadamu hapa kanda ya kati

#1 Mwalimu wa Chamwino

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Chamwino. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya mageuko na kidato cha nne, swali ni lilelile: "Mwalimu, kwa hiyo sisi tulikuwa nyani?" Darasa linacheka, kengele inalia, mada imekwisha. Inaniuma sana, kwa sababu ukanda huu wetu, kuanzia Chemba na Kondoa mpaka bonde la Eyasi, ni miongoni mwa sehemu ambazo wanasayansi wa dunia nzima wanazitegemea kuelewa binadamu alivyofika hapa alipo. Na ushahidi wenyewe si mifupa tu. Ni watu walio hai: wanavyokula, wanavyolea, wanavyolala.

Likizo zikikaa vizuri huwa naenda upande wa Kondoa kuwasaidia watafiti kazi ndogondogo, kutafsiri na kuwaonyesha njia. Jioni chakula kikishaliwa, ndipo na mimi nauliza yangu. Nimekaa na wanaakiolojia wa Kitanzania, watu wa vinasaba, na wale wanaochunguza tabia za binadamu. Leo nataka nilete jambo moja tu walilonielewesha, kwa kuwa limebadilisha kabisa namna ninavyofundisha.

Wengi wetu tunadhani mwili ndio unaoamua kwanza, halafu mila zinafuata. Wao wananiambia mara nyingi ni kinyume chake. Watu wanaanza kuishi kwa namna mpya, wanarithishana namna hiyo, na baada ya vizazi vingi mwili nao unachujwa kufuata mila.

Tuanze na maziwa. Mtoto wa mnyama yeyote anyonyeshaye huzaliwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari iliyomo kwenye maziwa. Akishaachishwa ziwa, mwili unaacha kukitengeneza. Ndivyo ilivyo kwa ndama, kwa paka, na kwa watu wazima wengi duniani. Mtu wa namna hiyo akinywa kikombe kikubwa cha maziwa yasiyoganda, tumbo linajaa gesi na pengine anaharisha. Si ugonjwa, ndiyo hali ya asili. Walio tofauti ni wale wanaoendelea kukitengeneza hadi uzeeni.

Mwaka 2002 watafiti wa Finland walipata badiliko la kinasaba linalowawezesha Wazungu wengi kunywa maziwa ukubwani. Likaja swali: mbona wafugaji wa Afrika Mashariki wanakunywa na hawana badiliko hilo? Mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake wakazunguka Tanzania, Kenya na Sudan. Watu 470 walinyweshwa sukari ya maziwa iliyokorogwa kwenye maji, wakapimwa sukari ya damu ilivyopanda, na vinasaba vyao vikasomwa. Matokeo yalitoka 2007. Wafugaji wa Tanzania na Kenya wana badiliko lao wenyewe, linaitwa C-14010. Lipo karibu sana na lile la Ulaya kwenye uzi wa vinasaba, lakini lilizuka peke yake, kwa makadirio kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita. Mabara mawili, mabadiliko mawili tofauti, na chanzo kimoja: kufuga ng'ombe.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye utamu. Kule Luxmanda, mkoani Manyara, walikaa wafugaji miaka kama 3,000 iliyopita. Vigae vya vyungu vya wafugaji wa kale wa Tanzania na Kenya vilipochunguzwa maabara, matokeo yakachapishwa 2020: baadhi vilikuwa na mabaki ya mafuta ya maziwa. Mwaka mmoja kabla, timu ya Mary Prendergast ilikuwa imesoma vinasaba vya mifupa ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Katika wafugaji wale wa kale, aliyekutwa na badiliko la maziwa ni mmoja tu, kutoka pango la Gishimangeda upande wa Karatu, aliyeishi miaka kama 2,000 iliyopita. Maana yake watu walikamua na kutumia maziwa vizazi na vizazi kabla miili ya wengi wao haijayakubali.

Waliwezaje? Nilipomuuliza mtafiti mmoja, akanirudishia swali: bibi yako alikuwa anakunywa maziwa ya namna gani? Mgando, nikamjibu. Basi ndiyo hivyo. Maziwa yakiganda, bakteria wanakuwa wameshakula sehemu ya ile sukari. Kibuyu kilitangulia, kinasaba kikafuata.

Fikirieni ukame wa huku kwetu, mvua ya msimu mmoja na hiyo yenyewe haina uhakika. Mwaka wa njaa, mtu anayeweza kunywa maziwa freshi bila kuharisha anapata maji na nguvu kwa pamoja, na mwenzake anapoteza hata maji aliyo nayo. Tofauti ndogo kama hiyo ikirudiwa miaka elfu kadhaa, watoto wa yule wa kwanza wanakuwa wengi. Hayo ndiyo mageuko. Hakuna nyani hapo.

Habari za bibi na usingizi nitazileta mkinihitaji. Karibuni tujadili.

#2 Mrangi wa Haubi

Uzi wa maana sana huu mwalimu. Naomba niongezee la nyumbani.

Watu hawajui kwamba Kondoa na Chemba ni sehemu ya pekee Afrika. Ukitembea siku moja tu unasikia Kirangi ambacho ni Kibantu, Kiburunge na Kialagwa ambazo ni za Kikushi, Wabarabaigi na Wamasai wanaongea lugha za Kiniloti, na Wasandawe wana lugha ya vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, kama watu wa kusini mwa Afrika. Familia zote nne kubwa alizozipanga mwanaisimu Joseph Greenberg mwaka 1963 zinakutana mnada mmoja. Wanaisimu wa leo hawakubaliani tena kama lugha za vidoko ni familia moja, na Kihadzabe wengi wanakiweka peke yake kabisa, lakini mnada wetu uko palepale.

Halafu kuna Kisese. Kwenye lile pango la mawe lililochimbwa mara ya kwanza miaka ya 1950 zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni za zaidi ya miaka 40,000. Mwaka 2022 Jennifer Miller na Yiming Wang walilinganisha shanga za namna hiyo zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31, wakaona za Afrika Mashariki na za kusini zilifanana kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, kisha zikaanza kutofautiana. Yaani watu walikuwa wanaigana mitindo umbali wa maelfu ya kilomita, kwa miguu.

#3 Mlokole wa Mpwapwa

Bwana asifiwe. Mwalimu nakuheshimu na nimesoma mpaka mwisho. Ila niseme ukweli wangu: naogopa haya mafundisho. Mtoto wangu yuko kidato cha tatu. Akiambiwa mwili wake umetokana na bahati na ukame, atabaki na nini? Mimi naamini Mungu alimuumba mtu. Nakuuliza kwa upole, si kwa ubishi.

#4 Mwalimu wa Chamwino

Mama yangu, asante kwa kuuliza kwa upole. Na mimi ni wa kanisani, Jumapili naimba kwaya.

Kwanza, hakuna mwanasayansi anayesema tumetokana na nyani hawa wanaoiba mahindi. Wanachosema ni kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi miaka milioni sita au saba iliyopita, kisha kila ukoo ukashika njia yake. Zile nyayo za Laetoli, miaka milioni 3.66, ni za viumbe waliokuwa wanatembea wima kwa miguu miwili ingawa ubongo wao ulikuwa mdogo. Na ningependa vijana wajue kwamba nyayo mpya zilizotangazwa 2016 zilitokana na kazi ya timu iliyoongozwa na Watanzania, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki.

Pili, Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu, ni Mkristo wa kiinjili anayekiri imani yake hadharani, na anakubali mageuko. Sayansi inajibu mwili ulibadilika kwa njia gani. Kwa nini tupo, na tuishije, hilo maabara haina chombo cha kulipima. Mtoto wako akielewa hivyo hatapungukiwa kitu. Nimewaona wanafunzi wangu wakielewa na kuendelea kusali.

Sikubaliani na walimu wanaoiruka mada hii ili wasigombane na wazazi. Tunamnyima mtoto habari za nyumbani kwake.

#5 Mlokole wa Mpwapwa

Nimekuelewa mwalimu. Bado sijakubali yote, ila nitasoma naye mwenyewe hiyo mada.

#6 Nesi Mama Neema

Naona mmesahau mfano ninaokutana nao wodini kila wiki: selimundu, hii tunayoiita sikoseli. Mzazi anaambiwa mwanao ana ugonjwa wa kurithi, anauliza nimekosa nini. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa kupima watu wa Afrika Mashariki, kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu analindwa dhidi ya malaria kali. Akirithi viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, ndipo anaumwa. Kwa hiyo kinasaba hiki hakikubaki kwetu kwa laana. Kilibaki kwa sababu kiliokoa watoto wengi wasife na malaria. Nikimweleza mama hivyo, naona mabega yanashuka.

#7 Mwalimu wa Chamwino

Dada Nesi, umenigusa. Na hapo pia mila ilitangulia. Mwaka 1958 Frank Livingstone, akichunguza Afrika Magharibi, alitoa hoja kwamba kilimo ndicho kilichoifungulia malaria mlango. Watu walifyeka misitu, madimbwi yakapigwa na jua, mbu wakazaliana karibu na nyumba, na watu wakawa wengi sehemu moja. Jembe likabadilisha mazingira, mazingira yakachuja damu. Wazazi wanaopanga kuoana wapime mapema, tafadhali.

#8 Mfugaji wa Bahi

Mbukwenyi. Mwanangu mwalimu, mimi ni mzee, mjukuu ndiye ananiandikia. Nina mambo mawili.

La kwanza. Ukisema damu ya mfugaji ina kitu ambacho damu ya mkulima haina, huoni unawapa watu neno la kutugawa? Tumeoana huku. Mama yangu ni Mtaturu.

La pili. Walishakuja watafiti kwetu. Walichukua mate, wakachukua damu, wakatupa sukari na sabuni, wakashukuru, wakaondoka. Hatujasikia tena. Baba yangu alikuwa akitusimulia ya Mtunya, ile njaa ya baada ya vita ya Wajerumani, jinsi watu walivyonusurika. Yeye alipoulizwa alieleza yote. Na sisi tuelezwe.

#9 Mwalimu wa Chamwino

Mzee wangu, shikamoo. Yote mawili ni mazito.

La damu: badiliko la maziwa halina kabila. Lipo kwa Wamasai, kwa Wairaqw wa Mbulu, na kwa Wabantu waliochanganyika nao, kwa sababu watu walioana kama wazazi wako walivyooana. Richard Lewontin alipiga hesabu mwaka 1972 akakuta takriban 85% ya tofauti za kinasaba za binadamu zimo ndani ya jamii mojamoja, si kati ya jamii na jamii. Kwenye kinasaba kimojakimoja, Mgogo na Mgogo mwenzake wanaweza kutofautiana kuliko Mgogo na mtu wa mbali.

Na naomba nikemee jambo hapahapa. Kuna watu wanawaita Wahadzabe na Wasandawe "binadamu wa kale" au "masalia". Ni kosa la kisayansi na ni dharau. Wahadzabe wameishi na kubadilika miaka mingi sawasawa na sisi. Ni watu wa leo, wana simu, wana kesi za ardhi, wanapiga kura. Wanasayansi wanajifunza kwao kwa sababu ni wachache waliobaki duniani wanaoendelea kuwinda na kuchimba chakula chao, basi.

La matokeo: uko sahihi kabisa, na nimewaambia hivyo usoni. Mtafiti anayepewa kibali na COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, na cha NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, kama anagusa afya, angepaswa kurudi kijijini kukaa mkutanoni na kueleza alichokikuta kwa Kiswahili. Wapo wanaorudi. Wengi hawarudi. Kwa kweli nimeufungua uzi huu kwa sababu hiyo, nilipe angalau sehemu ya deni hilo kwa ninayoyajua. Kwa hiyo nilete la bibi.

Miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe kando ya Eyasi. Kilichowashangaza ni wanawake wazee. Wanawake waliokwisha kuzaa, miaka hamsini, sitini na zaidi, walikuwa wanachimba viazi vya porini kwa saa nyingi kuliko wote, kwenye udongo mgumu, juani. Watafiti wakapima uzito wa watoto. Mtoto ambaye mama yake hana kichanga, kunenepa kwake kulitegemea juhudi ya mama. Mama akijifungua mwingine, uzito wa yule mkubwa ulianza kutegemea juhudi ya bibi.

Kutokea hapo wakajenga hoja yao: sokwe jike akimaliza kuzaa kwa kawaida hana miaka mingi mbele, lakini mwanamke anaishi miongo kadhaa baada ya hedhi kukoma. Bibi anayelisha wajukuu anamwezesha binti yake kuzaa tena mapema, na vinasaba vya maisha marefu vinaenea kupitia wajukuu hao. Uzee wetu, kwa hoja hii, ni zawadi ya bibi zetu.

Na usingizi. David Samson na wenzake, wakiwemo Ibrahim na Audax Mabulla, waliwavalisha Wahadzabe 33 vipimo vya usingizi mkononi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala fofofo kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee wanalala mapema na kuamka usiku wa manane, vijana wanachelewa kulala. Kambi haikosi mlinzi, wala hakuna aliyempangia mtu zamu. Yule babu anayekohoa saa tisa usiku na kuchochea moto, usimpe dawa ya usingizi haraka.

#10 Binti Manyoni

Nimesoma la bibi nikalia, sikufichi. Mama alipojifungua pacha mimi nilipelekwa kwa bibi. Alikuwa analima uwele mwenyewe, anapika mlenda, anahakikisha nimekula kabla yake. Shuleni tulifundishwa kwamba mwanamume mwindaji ndiye aliyemfanya mtu awe mtu. Hakuna aliyetutajia bibi.

#11 Kijana wa Udom

Mwalimu, nina mashaka ya kitaaluma. Hadithi za mageuko ni rahisi kutunga. Kila kitu unaweza kusema kilitusaidia kuishi. Nyama je? Huwezi kusema wanaume hawakuwa na mchango.

#12 Mwalimu wa Chamwino

Kijana, mashaka hayo yatunze, ndiyo sayansi yenyewe.

Hoja ya bibi haikubaliwi na wote. Wapo wanaosema nyama na asali za wanaume zina uzito mkubwa, akiwemo marehemu Frank Marlowe aliyeishi na Wahadzabe miaka mingi na kuona baba akiongeza juhudi mkewe anapokuwa na kichanga. Hawkes naye anajibu kwa hesabu: katika kuwinda wanyama wakubwa, mwindaji alitoka patupu takriban siku 97 kati ya 100, na akiua, nyama inagawiwa kambi nzima. Huwezi kumlisha mtoto wa miaka miwili kwa ratiba hiyo. Mimi nimeegemea upande wa bibi, lakini ukiniletea vipimo nitakusikiliza.

Kinachotofautisha hoja hizi na hadithi ni kwamba zinaweza kuvunjwa. Mfano mzuri ni Herman Pontzer. Kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, alidhani Wahadzabe wanaunguza nguvu nyingi kuliko watu wa mijini kwa sababu wanatembea kutwa. Walipopimwa kwa maji maalumu yanayofuatiliwa mwilini, matokeo ya 2012 yakaonyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu wanayotumia kwa siku ni sawa na ya watu wa Marekani na Ulaya. Dhana nzima ya kwamba mazoezi peke yake yanapunguza unene ikatikisika. Mazoezi yanalinda moyo, tuendelee nayo, ila kitambi kinaanzia kwenye sahani. Dada Nesi atanisaidia hapo.

#13 Nesi Mama Neema

Nakuunga mkono. Soda na chipsi kwanza, mengine baadaye.

#14 Mrina Asali wa Itigi

Mbona ndege hamjamtaja? Sisi warina asali tuna yule ndege mdogo anayekuita kwa kelele, unamfuata, anakupeleka mpaka kwenye mti wenye nyuki. Unarina, unamwachia nta. Babu alinifundisha kumwita. Je, huyo naye ni mageuko au ni mila?

#15 Mwalimu wa Chamwino

Kaka, umeuliza swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Ni vyote viwili kwa pamoja.

Kuongoza watu ni tabia ya asili ya ndege huyo. Hafundishwi na wazazi wake, maana hutaga kwenye viota vya ndege wengine na kuwaachia kazi ya kulea. Lakini sauti ya kumwita inatofautiana. Wahadzabe wanapiga mluzi wenye mahadhi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wanatoa mtetemo wa ulimi na kumalizia na mguno. Claire Spottiswoode na Brian Wood walicheza sauti zote mbili katika sehemu zote mbili, wakachapisha 2023. Kwa Wahadzabe, ndege walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu kushirikiana na aliyepiga mluzi wa hapo kuliko sauti ya kigeni. Kule Niassa ikawa hivyohivyo kwa upande wa Wayao, karibu mara mbili.

Kwa hiyo ndege wa porini amejifunza mila ya watu wa eneo lake. Na watu nao wanaishika sauti ya babu zao kwa sababu ndiyo ndege anayoijua. Ukibadilisha, hupati asali. Itigi mnamwitaje? Tafadhali rekodi. Nyuki wa mizinga ya kisasa na sukari ya dukani vinapunguza warina wa porini, na watu wakiacha kumfuata ndege, naye hana wa kumwongoza.

#16 Mrina Asali wa Itigi

Tunapiga mluzi, halafu tunagonga shina kwa shoka. Nitarekodi msimu wa asali ukifika, niweke hapa.

#17 Mrangi wa Haubi

Mwalimu, walete wanafunzi Kolo. Ofisi ya michoro ya miambani ipo palepale kando ya barabara ya Babati, ukishapita Kondoa mjini, wanakupa mwongozaji. Michoro ile ya miambani iliingia urithi wa dunia mwaka 2006, na kwenye miamba ya Mungumi wa Kolo wazee wanaenda kufanya matambiko mpaka leo, kwa hiyo watoto waelezwe mapema wasiguse vitu wanavyovikuta vimewekwa pale. Mlima una mawe, wavae viatu vya kufunga.

#18 Mwalimu wa Chamwino

Nakuja nao baada ya mitihani ya muhula. Mzee wa Bahi, nikipata nafasi kwenye basi nakupitia wewe kwanza. Ningependa vijana wasikie habari za Mtunya kutoka kwako tukiwa njiani, na ukifika huko umuulize mwanaakiolojia wa zamu chochote unachotaka.

#19 Mfugaji wa Bahi

Nitakuja. Mjukuu anasema atabeba maziwa. Ya mgando.